Darubini ya ufukweni Shanzu: Zohali safi, postaa muongo

Wale mnaoniuliza kama ile jioni ya kuangalia nyota kwa darubini kule ufukwe wa Shanzu, Mombasa, inafaa pesa yake, jibu ni ndio, inafaa, ila msiende kwa ajili ya ile postaa. Hiyo postaa wanayoizungusha kwa WhatsApp ina picha ya ile nyota mkia 3I/ATLAS na mkia wake, ina galaksi za kila rangi za darubini ya James Webb, ina sayari ya Zohali (Saturn) na pete zake zimetanuka pande zote, alafu chini wameandika ati njoo ujionee mwenyewe. Hapo pa kujionea mwenyewe ndo pana maneno. Kati ya hivyo vyote, utakachokiona kwa jicho lako ni Zohali peke yake, na hata hiyo si ile ya kwenye picha.

Mtu mzima ni elfu moja, mtoto mia nne, unatuma kwa M-Pesa kabla, ndani yake kuna chai ya tangawizi na kaimati. Kaimati zilikuwa zishapoa, tuyaache hayo.

Kifaa chenyewe ni darubini ya kioo, mdomo inchi nane, ile ya kusukuma kwa mkono, haina mota wala rimoti. Kuna watu nliwasikia wakiidharau lakini kwa kuangalia sayari inchi nane ni kitu cha maana sana. Shida ni kwamba dunia haisimami, kwa hivyo sayari inateleza, ukishangaa nusu dakika ishatoka pembeni na yule kijana wao anayeiendesha inabidi aje airudishe, alafu anakuja mtu mwingine analishika lile bomba kwa mkono mzima kama anashika mlingoti na foleni yote inasubiri upya. Bahari nayo haina huruma, upepo unakuja na unyevu na chumvi, lenzi inashika ukungu kila saa, na nlimuona mmoja wao akiifuta kwa ncha ya shati. Shati! Jamani nunueni kitambaa cha lenzi, ile chumvi inakwaruza.

Sisi tulienda Januari 2026, mwezi wa Shaaban bado mchanga, na huo ndo wakati wenyewe, kaskazi mbingu inatakata na mwezi hauna mwanga wa kufuta nyota. Na usidharau mwezi mchanga, watoto hawakutaka kuuachia, pale mwanga unapokutana na giza vile vishimo vyake vinapiga vivuli unaviona kimoja kimoja. Kijana akaeleza vizuri kwamba upande huo tunaouona sisi ndo huo huo wanaouona Wachina, mwezi hautugeuzii mgongo hata siku moja, ndo maana chombo chao Chang'e-6 mwaka 2024 kilipoenda kuchota udongo wa upande wa pili na kuuleta duniani, karibu kilo mbili, ilikuwa habari kubwa, hakuna aliyekuwa amewahi.

Sasa Zohali. Mbele yangu kulikuwa na bi mkubwa mmoja na wajukuu zake, akainama akatazama weee.

"Mwanangu, mbona mie naona mstari tu? Pete ziko wapi?"

"Huo mstari ndo pete, mama. Zimetuelekezea ubavu."

"Basi zigeuze, nimelipa."

Tulicheka lakini mama ana haki, si ameona picha kwa postaa? Kijana angesema mapema. Ukweli ni kwamba Machi 2025 dunia ilipita sawasawa na usawa wa zile pete, jambo linalotokea kila baada ya miaka kama 15 kwa vile Zohali yenyewe inachukua miaka zaidi ya 29 kulizunguka jua. Pete zina upana wa kilomita zaidi ya laki mbili kutoka ukingo hadi ukingo, lakini unene wake sehemu nyingi ni makumi ya mita tu, kwa hivyo zikikuelekezea ubavu zinakuwa uzi. Saa hizi ndo zimeanza kufunguka tena polepole, miaka inayokuja zitakuwa pana. Mimi binafsi ule uzi nliupenda kuliko picha yoyote, mwembamba, umenyooka, alafu kidoto cha Titan, mwezi wake mkubwa, pembeni. Alituambia pia kuwa miezi ya Zohali imefika 274, kwa sababu mwezi huo huo wa Machi 2025 walitangaza mipya 128 kwa mpigo. Mingi ni vijiwe vya kilomita chache, kwa darubini ya ufukweni usiulize.

Mshtarii (Jupiter) iko poa, mikanda miwili ya kahawia na miezi yake minne imejipanga, ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Hapo foleni ilienda haraka.

Turudi kwa 3I/ATLAS maana nusu ya watu walikuja kwa sababu yake. Hiyo nyota mkia iligunduliwa tarehe 1 Julai 2025 na darubini ya ATLAS iliyoko Chile, na ni kitu cha tatu tu kujulikana kwamba kimetoka nje kabisa ya jamii ya jua letu, baada ya 'Oumuamua mwaka 2017 na Borisov 2019. Wamejuaje? Kasi. Inaenda zaidi ya kilomita laki mbili kwa saa, jua haliwezi kuishika, inapinda kidogo tu na kuendelea na safari zake, haitarudi. Ilipita karibu na jua mwisho wa Oktoba, karibu na sisi Desemba 19, na hiyo "karibu" ni kama kilomita milioni 270. Kufikia Januari ilikuwa ishafifia, kwa inchi nane na taa za mahoteli zinawaka nyuma yako huioni ng'o. Nkamuuliza kijana mbona basi mmeiweka kwa postaa, akacheka, akasema "kaka, tusipoiweka hawaji." Alafu akaanza hadithi ya meli ya viumbe wa sayari nyingine! Ni kweli kuna profesa wa Harvard aliyeipigia debe hiyo habari, lakini NASA na wanaastronomia wengi walishasema hii ni nyota mkia, ina gesi, ina vumbi, inafanya mambo ya nyota mkia. Mtu anayetoza elfu moja asituletee ya TikTok.

Zile galaksi za James Webb pia hivyo hivyo. Ile darubini iko kilomita milioni moja na nusu kutoka hapa, kioo chake mita sita na nusu, na inanasa mwanga wa infraredi ambao jicho la binadamu halina habari nao, rangi zinatiwa baadaye ili tuone tofauti. Imeshanasa galaksi ambayo nuru yake iliondoka miaka kama milioni 280 baada ya ulimwengu kuanza. Ukiniuliza hiyo ni ya kueleza kwa mdomo, watu wakae mchangani wasikilize, si ya kuuzia tiketi. Na kuhusu K2-18b, sayari ya nyota nyingine, kijana akasema wamepata uhai. Hapana. Timu ya Cambridge Aprili 2025 ilisema imeona dalili za gesi ambayo hapa duniani inatolewa na viumbe wadogo wa baharini, sayari yenyewe iko miaka nuru 124, yaani nuru yake inachukua miaka 124 kutufikia, na wataalamu wengine wakachambua data hiyo hiyo wakasema dalili haitoshi. Bado wanabishana.

Lakini mpeni haki yake, alipofika kwa Bennu, kijiwe kinacholizunguka jua, alinikosha. Chombo cha OSIRIS-REx kilileta vumbi la hicho kijiwe Septemba 2023, gramu 121 na ushee, na Januari 2025 wakatangaza kuna asidi amino 14 kati ya zile 20 zinazojenga protini za viumbe, pamoja na chumvi za aina aina zilizobaki baada ya maji kukauka. Akasema, mnajua mabwawa ya chumvi ya Gongoni, maji yanaingia, jua linapiga, maji yanaondoka chumvi inabaki? Basi huko alikotoka Bennu kulikuwa na maji ya hivyo, mabilioni ya miaka nyuma. Watu kimya. Hata wale watoto.

Na hapo ndo aliponiudhi, kwa sababu ukishafika Gongoni umebakisha hatua kufika Ngomeni, na Ngomeni hakuitaja kabisa! Jamani, pale baharini kuna majukwaa ya San Marco, ya Waitaliano ya kurushia roketi, na tarehe 12 Desemba 1970 yalirusha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kutazama eksirei za angani. Eksirei za nyota hazipenyi hewa yetu, lazima utoke nje ya anga uzione, na kurusha karibu na ikweta kuna faida yake, mzunguko wa dunia unakupa msukumo wa bure. Kwa vile ilikuwa sikukuu ya Jamhuri, tarehe ile ile Kenya ilipopata uhuru, wakaiita Uhuru, jina la Kiswahili liko kwenye vitabu vya sayansi mpaka leo. Iliorodhesha vyanzo vya eksirei zaidi ya 300, na ndiyo iliyoonyesha kwamba kimoja, Cygnus X-1, kinametameta haraka haraka, jambo lililosaidia kuwashawishi watu kwamba kuna shimo jeusi pale. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata Nobel ya fizikia 2002. Sasa unawaleta Wamombasa ufukweni, unawasimulia Chile na Marekani, alafu kitu kilichorushwa hapo juu kidogo ya Malindi unakiruka?

Aliyeokoa upande wa pwani ni mzee mmoja, baharia wa zamani, alionyesha Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kwa kidole bila darubini akasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, alafu akaanza kueleza vile manahodha walivyokuwa wakiihesabu misimu. Kijana akamkatiza ati muda umeisha. Mwachieni mzee azungumze, mlipeni hata.

Nawapa nne kwa tano, moja nimeikata ya postaa. Mkienda bebeni sweta na kistuli cha mtoto kupandia maana jicho la darubini liko juu, na pangeni tukutuku ya kurudi mapema, usiku matatu za Mtwapa zinakuwa za kubahatisha. Mkiikuta Zohali jioni kama sisi Januari ile, mwambieni kijana aanze nayo, inazama nyuma ya minazi mapema na kila wiki inazidi kuwahi, mpaka inapotelea kwenye mwanga wa jua, kwa hivyo kabla hamjatuma pesa waulizeni wiki hiyo ni sayari gani iko juu.