Walipeleka Filamu Mbele Mama Alipoanza Kumenya Viazi

Sina kawaida ya kulalamikia klabu za filamu, kwa sababu najua zilivyo chache hapa Dar es Salaam na jinsi waandaaji wanavyohangaika kutafuta ukumbi, projekta na nakala za filamu ambazo majumba makubwa ya sinema hayawezi hata kuzifikiria. Hata hivyo, yaliyonikuta katika onyesho la miezi michache iliyopita yamenikaa kooni, na kila nikiyakumbuka hasira inapanda upya.

Filamu iliyotangazwa ilikuwa Jeanne Dielman, 23 quai du Commerce, 1080 Bruxelles, ambayo Chantal Akerman wa Ubelgiji aliitoa mwaka 1975, akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Nilikuwa na hamu nayo tangu mwaka 2022, jarida la Sight and Sound la Uingereza lilipopigisha kura wahakiki wa nchi nyingi kuchagua filamu bora kuliko zote na filamu hiyo ikashika nafasi ya kwanza, heshima ambayo haikuwa imeiendea filamu ya mwongozaji mwanamke tangu kura hizo zianze mwaka 1952. Ina dakika 201. Inamfuata mjane mmoja wa Brussels kwa siku tatu: anapika, anaosha vyombo, anatandika kitanda, anazima taa kila atokapo chumbani, na alasiri anapokea wanaume wanaomlipa ili yeye na mwanawe wapate kuishi. Kamera haisogei. Akerman na mpiga picha wake, Babette Mangolte, waliituliza mahali pamoja wakamwacha mwigizaji, Delphine Seyrig, afanye kazi za nyumbani kwa muda ambao kazi hizo huchukua kwa kweli, na ndiyo maana mtu anayekata tiketi ya filamu hii anakuwa amekubali tangu mlangoni kukaa na huyo mama jikoni.

Siku ya kwanza kila kitu kinakwenda kwa utaratibu wake. Siku ya pili mambo yanaanza kuharibika, na yanaharibikia kwenye sufuria ya viazi. Jeanne amechelewa kuviepua. Anaifunua sufuria, anaona, anazunguka nayo mkononi nyumba nzima asijue pa kuitua. Mama mmoja wa makamo aliyeketi kando yangu alinong'ona, "Maskini, vimerojeka," kwa sauti ya mtu aliyeingiwa na huzuni. Hakuna aliyekuwa amesinzia wala kushika simu. Sote tulikuwa tumeelewa, bila kuambiwa neno lolote, kwamba mwanamke ambaye jana hakukosea hata kuweka kijiko sasa ameanza kuporomoka. Kisha Jeanne akaketi mezani kumenya viazi vingine, kisu kikikwaruza kwa nguvu, mkono ukisita na kuanza tena, na hapohapo ule mstari wa kuonyesha muda ukatokea chini ya picha, picha ikaruka, tukamwona tayari anakula na mwanawe.

Haikuwa hitilafu ya mtambo. Kijana aliyekaa kwenye kompyuta aliisogeza filamu mbele kwa mkono wake, na siku ya tatu ya simulizi akarudia, pale Jeanne anapokaa kitini asiwe na kazi ya kushika, jambo ambalo kwake ni hatari kuliko kazi yoyote.

Onyesho lilipokwisha nilimfuata mratibu nikamweleza kwa upole kwamba sehemu zilizorukwa ndizo filamu yenyewe. Alinijibu akiendelea kukunja nyaya: "Dada yangu, yule mama anamenya viazi tu. Watu wanachoka, tumewasaidia." Nilipomwambia kwamba jirani yangu hakuwa amechoka, na mimi sikuwa nimechoka, akacheka na kusema, "Sasa ukitaka kuona viazi, si uende jikoni kwako?" Wanaume wawili waliosimama naye wakacheka pia.

Naandika haya nikiwa bado nalisikia jibu hilo. Akerman alitengeneza filamu nzima kwa sababu kazi ya namna hiyo hufanywa kila siku na watu wakaihesabu kuwa si kitu, wala sinema haikuwa na desturi ya kuipa nafasi. Wahudumu wengi wa kamera, sauti na uhariri wa filamu hiyo walikuwa wanawake, na hilo lilikuwa chaguo lake. Halafu miaka mingi baadaye anatokea mtu aliyepewa dhamana ya kutuonyesha kazi hiyo, anaifikia dakika ambayo kila kitu kimejengwa kuielekea, anaamua kwamba hakuna kitu pale. Tena picha ya mwisho, ambapo Jeanne amekaa mezani gizani huku mwanga wa taa za nje ukimwekamweka ndani ya chumba, waliiacha ipite yote bila kuiruka, na ukumbi uliitazama kwa utulivu mkubwa. Huo uchovu aliotusingizia ulikuwa wapi?

Haki lazima itendeke, kwa hiyo niseme pia kwamba ni klabu hiyohiyo iliyonionyesha Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal, filamu ya mwaka 1973 ambayo imenibadilishia namna ninavyoiangalia sinema ya Afrika. Ni wao walioonyesha Mothlight ya Stan Brakhage, ya mwaka 1963, iliyotengenezwa bila kamera kwa kubandika mabawa ya nondo na vipande vya majani kati ya tepe mbili za gundi zinazopitisha mwanga, na kwa kuwa haina sauti, waliiacha ipite kimyakimya, bila muziki wala maelezo. Kwa ajili ya jioni ile ningemshauri mtu yeyote anayependa picha ajiunge nao hata leo, kwani sijui mahali pengine mjini ambapo angeona vitu hivyo kwenye pazia kubwa.

Lakini jambo hilo ndilo linalonikasirisha zaidi. Watu walioweza kuyastahi mabawa ya nondo walishindwa kumstahi mwanamke mwenye kisu na kiazi, na mwanamke aliyelalamika wakamwelekeza jikoni. Wakitangaza kuionyesha Jeanne Dielman upya, dakika zote 201, na waliokata tiketi siku ile wakaingia bure, nitakwenda na nitamtafuta yule mama wa makamo twende pamoja. Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota tatu kwa ajili ya uteuzi wao wa filamu. Nimefika hapa, natoa moja.