Kibodi ya Mac kwenye kompyuta ya Windows, huu mwezi wa tatu naitumia

Nilichukua mtumba Kariakoo kwa elfu 40, ile ya Apple ya waya, bodi ya alumini, yenye namba pembeni, ukiigeuza nyuma imeandikwa A1243. Yangu ya zamani ilikufa herufi A na spesi, na mimi kazi yangu steshenari, nachapa barua na CV za watu kutwa, sasa bila A unachapa nini. Nikamuuliza dogo anayeuza, hii itakubali kwenye Windows? "Kaka hiyo USB tu, inapiga popote." Na kweli hakunidanganya, nimechomeka ikakubali hapohapo, ila habari ya vidole hakunigusia.

Iko hivi. Kwenye kibodi za kawaida pembeni ya spesi kuna Alt, halafu ndo inafuata ile ya Windows. Huku ni kinyume, jirani wa spesi ni command, na Windows inaisoma command kama kitufe chake cha Start. Kwahiyo siku ya kwanza kuna mama kaja na hesabu za kikoba kwenye Excel, mi nimezoea kujumlisha kwa Alt na =, nikabonyeza bila kuangalia, skrini nzima ikavimba, herufi moja kama sahani, kumbe nimewasha kikuza maandishi cha Windows! Mama wa watu ananiangalia, mi natafuta pa kuzimia (ni Windows na Esc, ishike hiyo itakusaidia).

Ctrl iko kona palepale kwahiyo kukopi na kupesti hakuna shida. Palipoandikwa delete juu kulia ni bekspesi tu usiogope, delete yenyewe iko pembeni kule. Print Screen haipo kabisa, na palipotakiwa kuwa Num Lock pameandikwa clear lakini kazi ni ileile.

Dawa nimeipata PowerToys, programu ya Microsoft wenyewe, bure. Humo kuna Keyboard Manager, nikabadilisha Alt ikae kwa command na command iende kwa Alt, F13 (hii kibodi haiishii F12) nikaifanya Print Screen, dakika tano nyingi. Kasoro yake mpaka uwe umeshaingia ndo inafanya kazi, kwenye paswedi bado vitufe viko vya zamani.

Kuchapa sasa, aisee. Vitufe vifupi, vyepesi, havipigi kelele, mpaka jioni vidole havijachoka, hapo elfu 40 yangu imerudi. Ina matundu mawili ya USB ubavuni, flashi za wateja nachomeka humo bila kuinama chini ya meza, ila simu usihangaike kuchaji, haiendi. Waya mfupi, kama kompyuta yako iko sakafuni ulizia na ile nyongeza yake.

Kama mashine unatumia peke yako chukua tu, siku tatu mkono umezoea. Shida mkiwa wawili. Dada tunayepokezana zamu anachapa huku anaangalia vitufe, na kwa sasa maandishi yanasema hivi kitufe kinafanya vile, nikabandika plasta nikaandika Alt kwa peni, ikafutika na jasho. Siku hizi anakuja na kibodi yake kwenye mkoba, akifika tu anachomoa yangu.