HIStory2: Crossing the Line, nimeimaliza usiku mmoja

Nilikuwa natafuta series ya basketi nikaangukia hii ya voliboli, ya Taiwan, 2018, episodi 8 tu, nikaanza saa tatu usiku hapa Kondele nikisema naona moja nalala, wapi! Xia Yu Hao ni kijana wa fujo anaishia kwa timu ya shule, Qiu Zi Xuan ndio meneja, alikuwa staa kabla aumie. Kilichonimaliza ni vile hawa wawili wanaangaliana, yaani mtu anajifanya hamjali mwenzake na ameshamjali kitambo. Mechi sasa jameni... mimi nimecheza voliboli ya shule Kakamega, spaiki hapa zimekatwakatwa na kamera mpaka mpira huoni ukigonga chini. Bando ikaisha episodi ya 7, nikakopa saa hiyo hiyo.