Shadow of the Erdtree: nchi nzuri, vipande vimenichosha

Mpwa wangu wa Arua aliinunua nyongeza hii ya gemu ya Elden Ring kwa dola 40, kama shilingi 150,000 za kwetu, kisha akanipigia simu: “Mjomba, mbona siuoni mlango?” Mlango upo, ila haufunguki mpaka uwe umewaua mabosi wawili, Radahn na Mohg, ndani ya Elden Ring yenyewe. Na Mohg kajificha mbali. Unaweza kuimaliza gemu yote bila kukutana naye. Mtu ameshalipa, bado anazuiwa nje!

Lakini kilichoniudhi hasa ni vipande vya Scadutree. Katika Elden Ring ya 2022, bosi akikushinda unarudi porini, unaua maadui, unakusanya rune (pointi za kupandia), unapanda leveli, unamrudia ukiwa na nguvu. Jasho lako lilikuwa na thamani, na ndiyo sababu niliipenda. Huku Nchi ya Kivuli, yaani ulimwengu wa nyongeza hii, rune zinasaidia kidogo tu. Nguvu ya kupiga na ya kuvumilia mapigo inatokana na vipande vya Scadutree 50 vilivyotawanywa ramani nzima, vinavyokufikisha baraka ya 20, ngazi ya juu kabisa ya nguvu hiyo. Vingine viko wazi penye misalaba ya Miquella, mhusika mmoja wa hadithi. Vingine kavimeza kiboko (nao viboko wa huko ni wakali kuliko wetu wa Nile), vingine wamebeba vivuli wenye vyungu wanaojiendea vichakani. Ukikipita kimoja hutajua, maana hakuna popote panapokuonyesha umebakiza vingapi.

Mimi huchezea kwenye banda la gemu Kisenyi, nalipa kwa saa. Jioni ikiisha nikipekua vichaka, pesa imekwenda na bosi Rellana bado ananichinja pale ngome ya Castle Ensis.

Ramani nayo imejengwa ghorofa juu ya ghorofa. Cerulean Coast unaiona chini ya miguu yako, farasi unaye, njia huna. Ukishaipata unakuta maua ya buluu, upepo, na nafasi tupu. Abyssal Woods ndiyo mbaya zaidi: farasi wako Torrent anaogopa, haitiki akiitwa, unaukata msitu wote kwa miguu na humo ndani hakuna cha maana cha kuokota.

Watengenezaji walisikia malalamiko kiasi. Nyongeza ilitoka 21 Juni 2024, na siku chache baadaye wakavitia nguvu zaidi vipande vya mwanzo; Septemba wakampunguza makali bosi wa mwisho. Nawashukuru kwa hayo. Hesabu ya vipande hawakuiweka.

Hata hivyo sikuambii uiache. Ngome ya Belurat imejengwa kwa ustadi mkubwa, na pambano la bosi Messmer, mkuki na moto na nyoka wake, ni miongoni mwa mapambano bora niliyowahi kucheza. Ila kama unalipia kwa saa, pakua orodha ya vipande kwenye simu kabla hujashika padi, na uvikusanye vya Gravesite Plain, eneo la kuanzia, kwanza, ndipo umfuate Rellana.