Kikumbusho cha dawa kimoja, simu nne: kwa nini mbili hazikulia

Programu hii ya kukumbusha saa za dawa nimeitumia kwenye simu nne za watengenezaji tofauti, toleo lilelile, ratiba ileile. Naipa nyota tatu. Kwenye simu mbili kengele ililia kwa dakika yake. Kwenye mbili nyingine haikulia hata kidogo, na kwa dawa hilo si kosa la kuvumilia.

Chanzo ni ubanaji wa betri. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu isiyo kwenye chaja, iliyozimwa kioo na isiyosogezwa, husinzia na kuzuia kazi za programu. Juu ya hapo kila mtengenezaji huongeza masharti yake. Ndiyo maana kuijaribu ikiwa kwenye chaja hakukupi jibu la kweli. Weka kikumbusho cha baada ya saa mbili, chomoa chaja, zima kioo, iache mezani.

Isipolia, ingia Mipangilio, Programu, chagua jina lake, kisha Betri, uiondolee vizuizi. Kwenye Samsung iongeze pia kwenye orodha ya programu zisizolazwa kamwe. Xiaomi wana swichi ya kuruhusu programu ijiwashe yenyewe, nayo ni muhimu kuliko inavyoonekana: simu inapozimwa, Android hufuta kengele zote za programu, na ni programu inayopaswa kuzipanga upya simu ikiwaka. Ikizuiwa kujiwasha, ratiba inakaa kimya hadi uifungue programu kwa mkono. Android 13 inadai ruhusa ya arifa. Kwenye 14 kagua pia ruhusa ya kengele na vikumbusho, kwani programu nyingi zinazowekwa upya huanza bila hiyo.

Tahadhari nyingine: kwenye baadhi ya simu, kuifagia programu kwenye orodha ya zilizofunguliwa karibuni ni kuisimamisha kabisa, pamoja na kengele zake. Pale penye alama ya kufuli kwenye orodha hiyo, iguse ili programu isifagiwe.

Maandishi yakikuzwa hadi mwisho, kitufe cha kuthibitisha kwamba dawa imemezwa kinazama chini ya kioo kidogo, na wanaokuza maandishi ndio hasa wanaokihitaji.

Nyota mbili nilizozuia zinarudi siku programu itakaposoma jina la mtengenezaji wa simu, jambo ambalo Android inaruhusu, na kumwonyesha mtumiaji hatua za simu yake kabla hajapanga dozi ya kwanza.