Basi za Ndosho–Birere wakati njia inatengenezwa: uzoefu wangu

Nyota mbili kwa tano, na moja kati ya hizo ni ya konvoyeri (kondakta), si ya basi.

Mimi ni fundi wa kushona hapa Goma. Kazi iko Birere, nyumba iko Ndosho, kwa hiyo asubuhi na jioni utanikuta ndani ya hizi Hiace zinazopita Mutinga na Katindo. Wenye magari sitawataja. Abiria wa njia hii wanawajua, na wale wanaoshindana nao hawana tofauti kubwa.

Kabla makatapila hayajafika, huduma ilikuwa ile ya Goma tuliyoizoea: unabanwa, unanung'unika, unafika. Sasa kipande cha njia kimechimbwa, na kozi (nauli) moja imezaa mbili. Pale Ndosho konvoyeri anaita "Birere, Birere, moja tu imebakia!", unapanda, unalipa. Mkifika Mutinga anagonga bati la gari: "Bamama, mushuke, tunageukia hapa!" Unashuka na mizigo yako, unavuka kwa miguu kati ya marundo ya kokoto, halafu upande wa pili unatafuta gari lingine na kulipa tena kozi nzima. Kama ungechukua moto (pikipiki) toka mwanzo ungelipa karibu sawa.

Kuchimbwa kwa barabara sikulalamikii. Njia ile ilikuwa imetuchosha, mashimo yake yalikuwa yanavunja hata chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Ninachokataa ni kuitiwa Birere wakati shofa (dereva) anajua tangu anawasha gari kwamba ataishia Mutinga. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: usitoe feza kabla hujauliza gari linaishia wapi, na uulize kwa sauti ili abiria wengine wasikie. Jibu linakuja haraka sana wakati gari zima linasikiliza.

Yuko konvoyeri mmoja kijana ambaye hasubiri kuulizwa. Anasema palepale mlangoni: "Leo ni mpaka Mutinga, nusu ya bei." Mama mwenye mtoto mgongoni, yeye mwenyewe anampakatia mzigo. Siku nilipobeba mashati ya shule, yale meupe ya watoto, alinitolea mfuko mkubwa wa plastiki chini ya kiti, nikaufunika juu ya mfuko wangu. Nyota yake ndiyo hiyo niliyosema.

Sasa tuje kwenye vumbi, maana hapo ndipo penyewe.

Vumbi la Goma si lile jekundu la mahali pengine. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya mlima wa moto Nyiragongo, na barabara inapochimbwa kinachosagwa na magurudumu ni yale mawe meusi na changarawe ya volkano. Linatoka la kijivu, kavu, linakwaruza. Shati jeupe lililopigwa pasi Ndosho linafika Birere na mstari kwenye kola. Ukipitisha kidole ndani ya mkunjo wa mshono, chembe zinahisika kama chumvi. Mteja hakubali kusikia habari za barabara, nalifua upya kwa sabuni yangu.

Ndani ya basi ni vita ya madirisha. Yakifungwa, joto la watu na la injini linakupiga, kwa sababu kwenye Hiace injini iko chini ya viti vya mbele na moshi unapanda kupitia mfuniko wake ambao haukazi tena. Yakifunguliwa, kamioni ya kokoto ikipita mnakuwa wote wazee wenye mvi. Kiti cha nyuma kabisa nacho usikitamani, mlango wa nyuma una upenyo na gari linavuta vumbi lake lenyewe. Mimi natafuta safu ya katikati, na kabla sijakaa najaribu kioo kama kinasogea.

Jirani yangu muuguzi alinieleza jambo lililonibadilishia hesabu. Vumbi unaloliona, lile la kwenye nyusi, kwa sehemu kubwa linanaswa puani na kooni. Linalochoma mapafu ni lile dogo kabisa, lenye kipenyo chini ya mikromita 2.5, ambalo jicho halilioni, na moshi wa mazuti (dizeli) wa magari yaliyosimama kwenye foleni umejaa hilo hilo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango chake: wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 za chembe hizo kwa mita moja ya ujazo, na kwa saa 24 usizidi 15. Mwenye pumu, mtoto mchanga na mzee ndio wanaoumia kwanza.

Watu wengi wanafunga kitenge mdomoni. Hapo niongee kama fundi: kinyooshe kitenge kwenye mwanga wa dirisha, utaona nukta za mwanga kati ya nyuzi. Kinazuia lile kubwa, na ni afadhali kuliko mdomo wazi, lakini dogo linapita. Barakoa ya N95 imetengenezwa kuchuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo, ila ni lazima ikamate uso pande zote. Ikiwa inaning'inia kwenye kidevu ni pambo. Mzigo huo wote umeangukia abiria, wenye magari hata kioo kilichokwama hawajatengeneza.

Kampuni ya barabara inamwaga maji, hilo nalikubali. Kamioni ya maji inapita asubuhi, njia inatulia, unapumua. Tatizo ni kwamba ardhi yetu haishiki maji. Hata mvua kubwa Goma inazama ndani ya mawe, mto hatuna. Sasa fikiria ni kiangazi, mwezi wa saba, maji ya asubuhi yatadumu mpaka saa ngapi? Kabla ya saa sita vumbi limerudi kazini.

Halafu kuna neno ambalo wainjinia hawalisikii. Mama aliyetoka kununua bidon ya litri 20 na kuibeba mpaka kwake anasimama kando ya njia na kuangalia kamioni ikimwaga maji chini. Moyo unauma, na kwenye kikao cha nyumba kumi maneno yalikuwa makali. Mimi kwa upande wangu nasema wamwage, na wamwage mara mbili, ila wayachote moja kwa moja ziwani, wasiguse bomba ambalo mitaa inalisubiri. Ziwa Kivu liko hapo chini, halijakauka.

Katika kikao hicho hicho tuliomba kamioni zipunguze mwendo karibu na shule. Jibu lilikuwa "tutaona". Vijana wa mtaa hawakungoja kuona, walipanga mawe na udongo wakatengeneza dodani mbili, yaani matuta ya kupunguza mwendo. Vumbi lilipungua pale kuliko kwa maji yote ya asubuhi, kwa sababu gari linalotembea polepole halinyanyui kitu. Kampuni ilizibomoa, vijana wakazirudisha, na sasa zimeachwa.

Wenye basi nao wangeweza kufanya machache bila gharama kubwa: kibandiko kwenye kioo kinachosema gari linaishia wapi, bei ya nusu kwa nusu ya njia, na magari mawili yanayosubiriana pande zote mbili za shimo ili anayevuka asisimame kwenye vumbi. Hilo la mwisho tuliwaambia. Msimamizi wao pale Mutinga alijibu, "Mama, kila shofa na versement yake." Maana yake kila mmoja anakimbilia feza anayotakiwa kumkabidhi mwenye gari jioni, wa kumsubiri mwenzake hayupo.

Kwa anayepanga safari wiki hizi: asubuhi panda mapema, wakati maji bado yako chini. Saa za mchana, kama huna mzigo, tembea kwa njia za ndani mpaka Mutinga, utafika sawa na gari na kifua kikiwa salama zaidi. Jioni baada ya saa kumi na mbili magari ya upande wa Ndosho yanakuwa machache na konvoyeri wanapandisha bei, hapo chukua moto mapema, mkubaliane kabla hujapanda. Na kama umebeba nguo nyeupe, njoo na mfuko wako wa plastiki. Yule kijana hayuko kwenye kila gari.