Dawa ya kupaka ya jasho la uso: maoni ya fundi cherehani wa Majengo

Watu wakisikia natokwa jasho kichwani wanadhani naishi Dar. Nashona Majengo, hapa hapa Dodoma kukavu. Julai asubuhi upepo unapiga, wateja wanakuja na masweta, na mimi nikiinama kumbana bi harusi pini kiunoni jasho linashuka kutoka kwenye nywele hadi kidevuni. Tone moja likiangukia satini linaacha duara, na ukilipiga pasi ndiyo umeliweka rasmi. "Dada fundi, pole, una presha?" Nimeulizwa hilo mpaka nimezoea.

Dawa ninayoizungumzia ni ya maji, ipo kwenye chupa ndogo yenye kigololo cha kuviringisha kama ya kwapani. Kinachofanya kazi ndani yake ni alumini kloridi, asilimia 20. Niliuziwa shilingi 35,000, na hapo nimeshabembeleza.

Sikuanzia dukani. Daktari wa ngozi alinipima sukari na thairoidi, ile tezi ya shingoni, akaniuliza kama usiku nalowesha shuka. Jasho la usingizini lina mambo yake, kifua kikuu kikiwemo, na lile linaloanza ghafla ukubwani linaweza kuletwa na hiyo thairoidi, kukoma hedhi, au hata dawa unazomeza, kama baadhi ya zile za sonona. Langu lilianza nikiwa shule, nikilala linakata, na baba yangu yuko hivyo hivyo. Akaniambia tezi zangu za jasho hazina ugonjwa, ila mishipa ya fahamu inazipa amri kupita kiasi.

Sasa matumizi, maana hapa ndipo wengi wanaichukia bure. Aliyeniuzia aliniambia, "Paka asubuhi ukishanawa, dada." Nilipaka, uso ukawaka kama umepakwa pilipili. Niliporudi kwa daktari akanieleza: dawa hii ikikutana na maji inatengeneza asidi, na ndiyo inayochoma. Inapakwa usiku, ngozi ikiwa kavu kabisa, wakati tezi zimetulia, ili chumvi ya alumini iingie kwenye vijitundu vya jasho na kuviziba kwa muda. Asubuhi unanawa. Usiisogeze karibu na macho, wala usipake ulipokwaruzika au ulipotoka kunyoa. Mimi napitisha kwenye paji la uso na pembeni mwa nywele tu. Jasho lilipopungua nikashuka hadi mara moja au mbili kwa wiki.

Na jambo ambalo fundi mwenzangu atalithamini: inakula kitambaa. Foronya yangu imepauka upande mmoja. Siku hizi natandika kipande cha kanga kuukuu juu ya mto, na hereni navua, maana hata madini inayaharibu.

Kabla ya hapo nilikuwa na shabu ya sokoni. Ni ndugu yake, nayo ina alumini, lakini pajini kwangu ilivuta ngozi tu na jasho likapita kama kawaida. Kwapani sina ugomvi nayo.

Matokeo? Paji limekauka kiasi cha kumpima mteja mzima, bega hadi pindo, bila kushika leso. Juu ya midomo bado, maana ngozi ya pale ni laini na sithubutu kupaka. Kichwani katikati ndiyo haisaidii kabisa. Ukiwa na rasta au nywele nyingi hutaifikisha kwenye ngozi, na hapo namtegemea feni na kilemba cha pamba. Daktari alitaja vidonge pia, vinavyopunguza jasho mwili mzima, ila vinakausha mdomo na kufunga choo, na kwa jua letu la Oktoba mwili usiotoa jasho unaweza kuchemka. Kuna sindano za botoksi usoni, ambazo nguvu yake inaisha baada ya miezi na bei yake si ya mtu anayeshona sare. Nikasema hapana kwa vyote viwili.

Naipa nyota nne. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya mwasho, na kwa sababu maelezo ya kwenye boksi yameandikwa kwa herufi ambazo hata mimi ninayetunga uzi kila siku nimeshindwa kuzisoma. Kama jasho lako liko pajini, inunue. Kama liko utosini, hiyo pesa nunulia feni.